Siku Papa Alipopiga Tarumbeta kwa Ngumi

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, weye mutoto wa jirani yangu, ambayo nikiisimulia mpaka leo mwili unanisisimka. Nilikuwa musichana, sijaolewa bado. Papa yangu alikuwa mwanajeshi mustaafu, na henia ilikuwa imemukaba tumboni hata kukohoa anaogopa. Muganga alituambia wazi: apasuliwe haraka, la sivyo tutamupoteza. Sisi tulikuwa watu wa kuuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, pale soko la Kituku, tungepata wapi gharama ya kupasuliwa? Lakini wazee waliotumikia jeshi walikuwa na haki ya kutibiwa bure kwenye hospitali ya wanajeshi. Basi tukatoka pole pole, ameniegemea begani, huku akinitania eti natembea kama mama-mukwe.

Shida ilikuwa moja tu. Kadi yake ya jeshi iliungua pamoja na nyumba yetu, mwaka ule volkano ilipomwaga moto mujini. Weye hukuuona moto ule, na umushukuru Mungu.

Uani mwa hospitali palikuwa na meza, na nyuma ya meza ajida mumoja, askari wa cheo kidogo, anakunywa chai. Hakuwa mutu mubaya. Alitusikiliza, akasema kama hakuna kadi, basi aje mutu aliyetumika pamoja na papa, aseme anamujua.

"Sasa muzee, nani anakujua hapa?"

Wenzake wengi walikuwa wameshakufa, wengine vita iliwatawanya, hatujui wapi. Mimi, na mudomo wangu unaujua, nikadakia: papa yangu alikuwa komanda mukubwa, aliongoza kambi ya Rutshuru nzima!

Papa akanigeukia. "Nyamaza kidogo, mama," akaniambia kwa upole. "Sikuongoza mutu hata mumoja. Nilikuwa napiga tarumbeta."

"Kila mutu anaweza kusema vile," ajida akajibu, macho yake yamebaki kwenye chai.

Hapo papa akasimama. Nikamushika shati, naogopa lile tumbo lake. Akakunja ngumi, akaiweka mudomoni, akapuliza wimbo wa kupandisha bendera.

Desturi yetu unaijua: bendera ikipanda, kila mutu anasimama palepale alipo, hata mutu wa motari anazima pikipiki yake. Lakini pale hapakuwa na bendera, hata mulingoti hapakuwa. Palikuwa na muzee mugonjwa na ngumi yake tu. Na ua wote ukasimama! Mama mumoja aliyekuwa anakaanga mikate pale uani aliiacha inaungua kwenye mafuta. Mugonjwa wa magongo akajinyoosha. Ajida mwenyewe nilimuona yuko wima, kikombe mukononi, na sizani alijua ameinuka. Jamani! Papa huyu niliyemufulia nguo na kumupikia bugali kila siku, kumbe ndani yake mulikuwa na kitu cha namna hii, na mimi sikuwahi hata kumuuliza. Nilimuogopa, nakuambia kweli, namna mutu anaogopa kanisani mbele ya altare.

Na ile sauti ya mwisho akaivuta, akaivuta, haiishi. Jasho linamutoka.

"Mungu wangu, ni yeye!" Muzee mumoja wa kipara alipiga kelele kutoka kwenye foleni ya wagonjwa. "Huyu mutu alitutesa Rutshuru! Kila asubuhi mwisho wake hauishi, mikono iko juu kwenye salamu, inatuuma! Kapiteni anamupa azabu, kesho anarudilia! Kumbe uko muzima, weye?"

Wakakumbatiana, wakalia bila haya mbele ya watu. Ajida akaketi, akajipangusa macho akisingizia moshi wa mikate.

"Basi," akasema. "Anajulikana. Mumuingize."

Walimupasua siku ileile. Alipona, mwanangu, akawabeba watoto wangu mugongoni.

Sasa nasikia baba yako, naye aliyetumika jeshini, analala na muguu unaooza, na weye unasema hamuendi popote kwa sababu karatasi zilipotea wakati wa kukimbia vita, eti watawafukuza. Acha maneno hayo. Kadi ilipotea, haki yake haikupotea. Kaa naye leo umuulize alifanya kazi gani, hata kama ni kupika maharagwe, na usimuongezee cheo. Muulize alilala karibu na nani kambini, na nani alikuwa anagombana naye, maana mutu uliyemukasirisha hawezi kukusahau. Mutafute huyo angali anapumua. Kisha umupeleke baba yako kwenye hospitali ileile ya wanajeshi, ukae kando, umuache aseme maisha yake na mudomo wake mwenyewe. Na usingoje kesho, ule muguu haungoji.

Enda, mwanangu. Mungu akupe pumzi ndefu, na siku nawe umezeeka, unasimama mbele ya meza ya watu, asikose hata mutu mumoja kwenye foleni wa kupiga kelele: ni yeye!