Maharagwe ya Matonge Katika Bahari ya Ugiriki

Niliondoka Brussels kwa sababu daktari alinikataza kufanya kazi, na mimi kazi ndiyo kitu pekee ninachokijua vizuri. Ninahudumia wazee majumbani kwao, huku Etterbeek. Presha yangu ilikuwa imefika kumi na nane, wanavyohesabu huku; kwenu ni mia na themanini. Daktari alivua miwani, akasema nipumzike wiki nzima, kupumzika kwelikweli, kisha nirudi anipime. Ikibaki vilevile, hatasaini karatasi ya kunirudisha kazini.

Aliyeshtuka kuliko mimi ni Papa Albert. Huyu ni Mbelgiji wa miaka themanini na miwili. Ujanani alijenga madaraja kwetu Bukavu, na Kiswahili chetu hakijamtoka mpaka leo. Kwa miaka sita, kila asubuhi saa moja, nimekuwa nikimwogesha na kumvalisha soksi, maana mgongo wake haukunjiki. Watoto wake walishasema wazi: siku Maman Faida akiacha kuja, baba anahamia nyumba ya wazee kule Berchem-Sainte-Agathe.

"Weye ukigonjwa, mi njo nafungwa," aliniambia. "Bon. Tunaenda Grèce. Mi niko na bateau kule. Kule hakuna kazi."

"Papa, na soksi nani atakuvalisha?"

"Kule bantu banatembeaka bila soksi."

Ijumaa, saa nne asubuhi, nilipita Galerie d'Ixelles, pale Matonge, mtaa wetu Wakongo, kumuaga mdogo wangu Nabintu, ambaye ana saluni ya nywele pale. Alikuwa anasuka mteja. Hakuacha kusuka, alinionyesha kwa kidevu mfuko chini ya kiti.

"Utaendaje kwa bantu mikono mitupu? Maharagi ya kwetu, trois kilos, njo imefika sasa hivi. Lakini haiyachaguliwa."

Nilimwambia ninakwenda kukaa kwenye mashua, si kwa shemeji. Akasema mashua nayo ina mwenyewe. Nikabeba.

Uwanja wa ndege, saa nane mchana. Mkaguzi alivaa glavu, akatumbukiza mkono kwenye maharagwe mpaka kiwikoni, akauliza kwa nini tunapeleka maharagwe Ugiriki. Papa Albert akajibu kwa Kifaransa kwamba ni dawa yangu. Mkaguzi alikitazama kipimo changu cha presha kilichokuwa juu ya nguo, akanitazama mimi, akatuacha tupite.

Jumamosi tulipanda chomboni. Ilikuwa mashua nyeupe ya mlingoti mmoja, na jiko lake lingeingia ndani ya kabati langu la nguo. Nahodha ni Mgiriki anayeitwa Yorgo, mtu mnene na mpole. Neno lake kubwa ni "siga, siga", ambalo Papa alinitafsiria kuwa ni polepole.

Maisha ya mle ndani yalikuwa hivi. Mnaamka, mnakula tini na jibini. Tanga linapandishwa, mnasukumwa na upepo saa mbili au tatu, mnatia nanga kwenye ghuba ambayo maji yake unaona mpaka chini. Mnaogelea, mnakula samaki, mnalala. Mkiamka, mnajadili mlale tena wapi. Bahari ni ya buluu, vijiji vimeupaka mlima chokaa, na hakuna mtu anayekuita. Mimi kufikia saa sita mchana nilikuwa mgonjwa.

Papa alikuwa ametoa amri kwamba maman asiguse kitu. Basi nililala kwenye godoro la sitahani nikatazama juu. Nikaona kutu kwenye skrubu. Nikaona kikombe ambacho hakijaoshwa, na chini yake alama ya kahawa, na jirani yake alama nyingine ya juzi. Saa kumi Papa alinipima mwenyewe: kumi na tisa.

"Dix-neuf! Mais maman, umefanya nini?"

"Sikufanya kintu, Papa."

"Sasa juu ya nini inapanda?"

"Njo ile kukaa bure."

Jumapili tulikuwa kisiwa cha Kea. Wanaume wawili walipolala baada ya chakula, nililiona tanga kubwa limeachwa hovyo juu ya boriti yake, limejikunjakunja. Nilivumilia kidogo. Kisha nikalitandika vile tunavyotandika vitanda vya wagonjwa: kona zimekunjwa kwa pembe, limevutwa mpaka halina hata mkunjo, limechomekwa chini na kufungwa kwa kamba za nahodha mwenyewe. Nilijisikia vizuri sana. Upepo ulipokuja, Yorgo alivuta kamba na tanga halikupanda. Alivuta tena. Alihangaika na zile kona saa nzima, akipiga ishara ya msalaba, mara akisema "siga" peke yake, na mara moja akaniangalia kwa heshima.

Papa alikusanya ufagio, ndoo, sifongo na hata kitambaa cha vyombo, akavifungia ndani ya sanduku la makoti ya kuokolea, na ufunguo akauvaa shingoni. Tangu hapo nilisafiri na walinzi wawili.

Jumatatu, tukielekea Kithnos, kipimo kilikuwa bado kumi na tisa. Papa Albert alikaa akitazama maji, na nilijua haoni maji, anaona kitanda cha Berchem. Nikaona aibu. Mtu amenileta mpaka huku, na mimi hata kupumzika kumenishinda! Niliingia ndani kutafuta leso ya kujifutia, mkono ukagusa ule mfuko.

"Papa," niliita, "kuchagua maharagi ni kazi?"

Akalipima swali kihandisi.

"Unafanyaka uko umesimama ao umeikala?"

"Nikiwa nimeikala."

"Alors, ni repos."

Mapumziko, basi. Yorgo alinipa sinia. Niliketi karibu na usukani, nikamwaga maharagwe, nikaanza. Zuri huku, bovu kule, jiwe baharini. Papa akasogea, akauliza kama pale Kadutu, sokoni kwetu Bukavu, bado wanapima kwa kopo, au siku hizi kwa mzani. Nikamweleza. Nikamweleza pia jinsi mama yangu alivyokuwa akituketisha mkekani dada wote, na jinsi alivyokuwa akirudisha sinia zima akiona jiwe moja. Nilipoinua kichwa, kisiwa kilikuwa kimefika na mchana ulikuwa umekwisha. Kipimo kikasema kumi na sita.

Lakini kilo tatu ni kilo tatu. Jumanne nilikuwa nimemaliza, maharagwe masafi, hakuna cha kutoa.

"Tosha tena," alisema Papa, yaani nitoe mawe upya.

"Nilishachagua, Papa."

"Angalia muzuri. Mi niliona majiwe."

Nilimwaga, na kweli yalikuwa yamejaa mawe! Nilijilaumu kwelikweli. Mtoto wa mama yule, na mawe yote haya? Nilichagua upya, kwa makini, mpaka mchana. Kumi na tano. Jumatano yakawa na mawe tena, na mimi nikaamua kwamba nikirudi Brussels niende kwa daktari wa macho.

Alhamisi, Serifos. Kila asubuhi Yorgo alikuwa akimpeleka Papa ufukweni kwa kimtumbwi cha mpira. Papa alisema anakwenda kusali peke yake. Mimi niliketi na sinia langu, nikaokota jiwe jeupe, la mviringo, laini kabisa. Nikalitazama. Mawe ya kwetu ni meusi, ni ya volkano. Nimeyachagua maisha yangu yote, sijawahi kupata jeupe.

Niliangalia ufukweni. Papa Albert alikuwa amekunja suruali mpaka magotini, makalio yakitazama mbingu. Anainama, anaokota, anasimama, analigeuza jiwe juani. Kubwa analitupa. Dogo analiweka kwenye kofia ambayo Yorgo ameishika kwa mikono miwili kama anayepokea sadaka. Anainama tena. Yule mzee ambaye mgongo wake haukunjiki!

Sitawadanganya: kwanza nilikasirika. Miaka sita nimepiga magoti kwenye zulia la chumbani kwake, nikimvalisha soksi. Halafu kicheko kikanipanda, ikabidi niume kitenge changu wasinisikie. Na kicheko kilipopita nikalia kidogo, kwa sababu tangu mama yangu afariki, hakuna mtu aliyejisumbua hivyo kwa ajili yangu.

Walirudi, mfuko wa suruali ya Papa ukichuruzika maji.

"Ulisali, Papa?"

"Sana, maman. Uko na maharagi?"

"Nitaangalia. Pengine kumebakia majiwe."

"Pengine," alisema, na akaenda kulala. Siku zile mbili za mwisho nilichagua mawe ya Serifos polepole, moja moja, kana kwamba ni ya kwetu.

Jumatatu, Brussels, mvua. Daktari alinifunga ile bendi mkononi mara mbili, kwa kutoamini. Kumi na tatu. Akauliza nilifanya nini. Nikamwambia nilipumzika, na akasaini. Ninyi wa nyumbani mnaniuliza Ugiriki nilijifunza nini: nilijifunza kuketi, mtu mwingine akihangaika kwa ajili yangu.

Jumanne, saa moja asubuhi, Etterbeek. Papa Albert alikuwa ukingoni mwa kitanda, mguu umeshanyooshwa. Nilichukua suruali yake kitini, nikaikung'uta, na mawe matatu meupe yakaanguka, yakabingirika mpaka karibu na kidole chake kikubwa. Tuliyatazama wote wawili. Mkono wa Papa ulianza kushuka kuyaokota, ukafika nusu, ukasimama, ukarudi taratibu juu ya goti.

"Mugongo, maman," alisema.

"Najua, Papa."

Nikapiga magoti. Mawe nikayatia kwenye mfuko wa koti langu la kazi, soksi nikamvalisha, ya kushoto kwanza, kama apendavyo. Kisha nikafungua daftari la huduma, kwenye mstari unaouliza kama mteja anaweza kuinama, nikaandika: hapana, hata kidogo.