Ini la Kuria

Kalekye alifika katika shule ya Dagoretti miguu ikimwaka moto. Asubuhi alikuwa amewasomea watoto kwenye maktaba ya katikati ya jiji, wakapiga miayo. Kutoka hapo akaenda shule moja ya Kilimani, ambako mwalimu alimwomba asimulie kwa Kiingereza ili watoto waelewe. Alikataa, na chai hakupewa. Sasa ilikuwa alasiri, upepo umeleta harufu ya kichinjio, na yeye, mwalimu mstaafu na mwandishi wa vitabu vya watoto, mjane wa Haron Kuria, alitamani kuvua viatu tu. Hakuvua. Mke wa kwa Kuria havui viatu mbele ya watu.

Hata hivyo, kilichomchosha zaidi hakikuwa miguu. Kilikuwa maneno ya wifi yake.

Jana yake Njambi, dada wa marehemu Haron, alikuwa amempigia simu. "Mama Debra, akina mama wa kanisa wananiambia umemfanya baba yangu mwizi. Eti Kuria anaiba ini kwenye sufuria! Nairobi nzima isome hivyo?"

"Ni hadithi, wifi."

"Hadithi yenye jina la baba! Si kitabu kinachapishwa tena? Toa hilo jina. La sivyo, usijiite tena wa kwa Kuria."

Kalekye hakumuuliza kama amekisoma kitabu chenyewe. Wala hakujitetea. Alisema, "Nimesikia," akakata simu, na chakula kikamshinda.

Kwa Wakikuyu mtu hafi akaisha, maadamu kuna mjukuu anayeitwa kwa jina lake. Lakini mzee Kuria hakubahatika. Haron, mwanawe wa pekee wa kiume, alipata binti mmoja, Debra; Njambi naye alizaa mabinti watupu. Haron alipokuwa mgonjwa alimwambia mkewe, kwa utani usiokuwa utani, "Nitamwambia nini baba huko niendako? Kwamba hakuna aliyelichukua jina lake?" Ndipo Kalekye, Mkamba aliyeolewa ugenini, akampa jina hilo mvulana wa vitabu vyake. Kuria mwingine wa ukoo ule hakuwapo.

Alipoingia darasani alimwona: Njambi amekuja kujisikilizia mwenyewe, ameketi nyuma kabisa, mkoba mapajani, kitambaa cha chama cha akina mama kichwani, midomo imebanwa.

"Sasa, watoto!"

"Poaaa!"

"Nani ana masikio?" Huo ndio uliokuwa mwito wake popote alipokwenda.

"Sisi!"

"Nani ana njaa?"

"Sisi!" Mmoja akaongeza, "Hata mwalimu!" Darasa likacheka.

Akaanza. Ini likatokota jikoni, harufu ikamfuata Kuria hadi uani, mama akaenda kuteka maji. Kule nyuma Njambi akakohoa. Kalekye alikuwa amechoka. Apigane kwa ajili ya nini? Jina alilolilinda miaka yote, kumbe wenyewe walikuwa tayari kumnyang'anya.

"Basi," akasema polepole, "mtoto mmoja akafunua sufuria..."

"Mtoto gani?" msichana wa dawati la mbele akauliza.

"Mtoto tu."

"Aa, madam! Si ni Kuria?"

"Usimfiche, tunamjua!" mwingine akapaza sauti.

"Kuria! Kuria!" Madawati yakapigwa, madirisha yakatetemeka.

Kalekye akamtazama wifi yake. Njambi alikuwa ameacha kukohoa. Alikaa mdomo wazi, kama mtu aliyesikia sokoni, kati ya wageni, mtu wa nyumbani kwao akiitwa.

"Haya, ni Kuria," Kalekye akasema, na sauti ikamrudia. "Akala ini lote, halafu akampaka paka mafuta mdomoni. Mama akarudi. Akamtazama paka, akamtazama Kuria. Akashika mwiko, akauinua juu..."

Msichana wa dawati la mbele akafunika macho.

"...mkono ukakataa. Kwa maana mtoto huyu alikuwa na jina la baba yake mama, na nani atampiga baba yake? Mama akauweka mwiko chini. 'Baba,' akasema, 'umenishinda. Lakini nenda ukamwombe paka msamaha.' Kuria akapiga magoti mbele ya paka. Paka akageuza uso."

Watoto waliangukiana kwa kicheko.

Kengele ilipolia na watoto kutawanyika, Njambi alimfuata nje, kwenye ukuta wa nyuma wa darasa.

"Hawakuniambia hiyo ya mwiko," akasema.

"Hukuniuliza."

"Na wewe hukusema. Una kiburi, Mama Debra. Haron alituonya."

"Mimi alinionya juu yako."

Njambi akaguna, kicheko kikamponyoka. Akatazama pembeni akipangusa macho kwa ncha ya kitambaa. "Jina libaki," akasema. "Lakini ini lote? Baba hakuwa mlafi."

Kalekye akaifikiria picha ya sufuria tupu, ambayo ilikuwa imekwisha kuchorwa, na maneno atakayorushiwa na mchoraji. Hakuwa na nguvu ya kubishana.

"Abakishe kipande," akakubali. "Cha mama yake."

"Hapo sawa." Njambi akauchukua mfuko wa vitabu bila kuombwa.

Kalekye akaangaza huku na huku. Hapakuwa na mtu wa nje. Akaegemea ukuta, akavua kiatu kimoja, kisha cha pili, akafumba macho.

"Kumbe hata wewe unachoka," wifi yake akasema.