Honi ya Papa Karibu na Kamina

Reli imenichosha, na mimi ni mtoto wa reli kabisa. Babu alilaza mataruma, papa aliendesha treni, na bukari yote, ugali wetu, niliyokula utotoni ilitoka huko.

Siku ile simu ilitoka Kamina: shangazi, dada ya papa, iko mubaya na ugonjwa, anauliza ndugu yake. Nikamwambia papa tupande bus kesho asubuhi. Akanitazama kama nimemtukana.

"Bus ni ya bantu ba haraka. Miye kwa dada yangu ninafikaka na treni."

Haya! Bishana na mashinisti mstaafu, utaona. Tukaenda gare, kituo cha treni cha Lubumbashi, tukatandika kitenge kwenye simenti kati ya mamas na magunia yao, tukangoja. Enzi za papa treni ilivutwa na umeme. Nyaya zimekatwa, zimeuzwa, sasa tunategemea mashini ya mafuta, ikipatikana. Na njia yenyewe ni moja: treni ya madini ikitoka mbele, ninyi mnakaa kituoni mpaka ipite.

Kupita Bukama, mashini ikazimika porini. Tukalala humo, tukaamka humo, simu zikaisha moto. Papa hakulalamika hata kidogo. Nililalamika mimi, kwa sisi wote wawili.

Kituo cha mwisho kabla ya Kamina, papa alienda mbele kumuomba mashinisti ampishe kwenye honi. Zamani kila mashinisti alikuwa na mlio wake; wa nyumbani wakiusikia, wanaweka maji ya bukari kwenye moto. Na reli inapita nyuma ya nyumba ya shangazi. Basi nikasikia honi ya papa, ndefu, fupi, ndefu, ile ya utoto wangu, nikalia mbele ya watu bila haya.

Tulipofika, bukari ilikuwa imeiva kweli. Binti ya shangazi alisimama mlangoni, mwiko mkononi.

"Mujomba, tulikusikia," alisema. "Lakini mama tulimuzika jana."

"Jana wakati gani?"

"Muchana."

Papa akafikiri. "Muchana tulikuwa tumesimama porini," akasema polepole, kama anatoa ripoti kwa mkubwa wake wa kazi. Kisha akanigeukia. "Na weye ulisema bus."

Njia nzima nilikuwa nimejiandalia maneno makali ya kumwambia. Nikamletea maji ya kunawa.