Mnazi wa Mwanangu Katika Ardhi ya Mtu

Masika yakishaondoka kule Mzenga, jua lilikuwa halichomozi, linaruka. Asubuhi ya kwanza ya kiangazi ungeweza kukaanga yai juu ya kipara changu, na wakati ule hata kipara sikuwa nacho. Lakini ndio msimu nilioupenda. Tulibadilisha makuti yaliyooza, mke wangu akaanika makopa ya muhogo juu ya jamvi, na nyuma ya jiko mchicha ulisongamana hata kuku akipotelea humo tulimtafuta mchana kutwa.

Kiwanja hakikuwa chetu. Tulikuwa tumetoka Mkuza kufuata kibarua changu cha barabara, na mzee mmoja mwenye ardhi akatupa mahali pa kujenga na kulima. Kodi hakutaka. Alitaka jambo moja tu, ambalo pale kila mtu alilijua bila kuambiwa: aliyeazimwa ardhi hulima vya msimu. Mchicha, bamia, muhogo, hakuna neno. Mti wa kudumu hapandi, maana mwenye mti mwisho huja akasema na ardhi ni yake.

Mwaka huo mke wangu akajifungua mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, mwenye sauti ya kusikika mpaka Vihingo, na huko ndiko alikotoka mama mkwe kuja kumtunza mzazi. Kitovu cha mtoto kilipodondoka, mimi nikiwa barabarani na sururu yangu, mama mkwe alikizika uani, na juu yake akapanda mche wa mnazi. Kwao ndivyo walivyomfanyia kila mtoto. Ila kwao walikuwa katika ardhi yao wenyewe, na hapa hakufikiri kuuliza. Niliporudi nikaukuta mche umesimama, umezungushiwa miiba mbuzi wasiufikie, na mke wangu anaumwagilia maji aliyomwogeshea mtoto. Alikuwa anacheka. Mama mkwe alikuwa amekaa kizingitini, na mkwe mtu hamkemei.

Mzee akaja Ijumaa, baada ya sala. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwenye mche. Akakaa sana. Akamsifu mtoto, akazisifu bamia, akala muhogo wetu wa kuchemsha mpaka sahani ikang'aa. Nilikuwa nimepata cheti changu cha shule ya usiku majuzi tu, nimekitundika ukutani juu kabisa, malaika wakitaka kusoma wasome. Basi akakitazama, akaniuliza kama huko shuleni wanafundisha pia kuchukua mashamba ya watu.

Nikamweleza habari ya kitovu. Alisikiliza vizuri, wala hakukasirika. Ingekuwa nafuu angekasirika.

"Karani wangu," akasema, "kitovu ni chako. Mnazi ni wangu. Ukisema mnazi nao ni wako, kusanya makuti yako, katafute pengine."

Nikayatazama makuti. Niende wapi? Nyumba ndio kwanza tumeiezeka, mke mzazi, mtoto hata shingo haijakaza. Mzee akawaita majirani waje wasikie. Nikasema mbele yao kwamba mnazi ule si wangu, wala si wa mwanangu, wala hatutaudai kamwe. Mimi ambaye nikianza kusimulia mbwa hulala wakaamka bado nasimulia, siku hiyo nilimaliza kwa pumzi moja.

Kulipokucha mama mkwe akajifunga kanga, akarudi Vihingo bila kuniaga.

Mke wangu akabaki na debe lake. Kiangazi kile kisima kilishuka hata nikadhani tunachota maji ya watu wa upande wa pili wa dunia. Mchicha ukafa, bamia zikawa kuni. Yeye akaenda na kurudi na debe kichwani, na maji yote yakaishia kwenye ule mche. Nikamwambia aache, mwenye mnazi aje amwagilie mwenyewe.

"Kamwambie basi," akanijibu, "aje akimwagilie kitovu cha mwanao."

Sikwenda kumwambia. Mnazi ukashika, ukanenepa kuliko sisi sote. Mzee kila alipopita aliugonga shina kwa mkongojo wake, akatusifu kwamba tuna mikono yenye baraka.

Ulipozaa mara ya kwanza akaja na mkwezi. Tulisimama uani tukitazama madafu yakiteremshwa, mke wangu ameegemea mlango. Mzee akachagua dafu moja, si kubwa, akalikata kichwa kwa panga na kumpa mwanangu, ambaye meno ya utoto yalikuwa yameanza kung'oka, na adabu tulikuwa tumemfundisha sisi wenyewe.

Mtoto akalipokea kwa mikono miwili, akapiga goti.

"Ahsante, babu," akasema.

Mzee akampapasa kichwa, akamwambia akimaliza hilo aseme, ataongezwa jingine. Mke wangu akaingia ndani.