Bi Makadirio na Wagonjwa Wasiopotea

Ofisini walimwita Bi Makadirio, na jina likamganda. Muulize wali utaiva saa ngapi, atakwambia kati ya dakika ishirini na arobaini, na hapo bado anaona amejifunga mno. Kazi yake ilikuwa takwimu: watu wakitaka kujua kama dawa mpya inachelewesha ugonjwa kurudi, yeye ndiye husema waandikishwe wagonjwa wangapi na wafuatiliwe miaka mingapi.

Asubuhi hiyo alikaa na Daktari Mkuu kumalizia mpango uliotakiwa kupelekwa kabla ya saa kumi. Mengi walishakubaliana. Ugonjwa ukirudi kwa watu mia mbili na arobaini, jibu litapatikana. Wakipungua hapo, ni kubahatisha. Ilibaki nafasi moja tupu kwenye fomu: katika kila wagonjwa mia, wangapi watapotea njiani, isijulikane wamepona au wamezidiwa?

“Wawili,” alisema Daktari.

“Wawili, Daktari? Weka ishirini.”

“Ishirini! Wagonjwa wangu hawapotei. Tazama daftari la kliniki, kila Jumanne limejaa.”

Ishirini maana yake ni kuandikisha watu mia tano badala ya mia nne, na Daktari alitaka kuanza jana. Bi Makadirio roho ilimuuma. Watu mia nne watatoa miaka mitano ya maisha yao, watachomwa sindano, halafu waambiwe hatujui? Lakini ushahidi hakuwa nao. Hata miwani aliisahau nyumbani, akawa anaisoma fomu kwa kuishika mbali kana kwamba inanuka.

Mlango ukagongwa. Akaingia shangazi yake, aliyemlea tangu anatambaa, miwani mkononi.

“Mwanangu, macho yako umeyaacha juu ya friji.” Kisha akamwona aliyekaa pembeni. “Ala! Daktari wangu!”

“Shikamoo, mama.” Daktari alichanua. “Umeona? Huyu ni mgonjwa wangu. Haya mama, tuonane Jumanne kama kawaida.”

“Kawaida ipi? Mwaka mzima sijakanyaga kwako. Nimepona, nije kufanya nini?”

Daktari alilifungua daftari, akapekua. “Mbona hujaandikwa kwamba umekosa?”

“Waliokosa wanaandikwa wapi?” aliuliza Bi Makadirio, akivaa miwani.

Daktari akafungua kurasa, akafunga. Daftari lilikuwa la waliofika tu. Akaichukua kalamu na kuandika ishirini bila kuinua uso.

Bi Makadirio alikuwa ameshinda, ila hakucheka. Kila Jumanne alimsindikiza Shangazi hadi mlangoni na mkoba wake, akijua anakwenda kliniki.

“Shangazi, Jumanne huwa unakwenda wapi?”

“Kwa shoga yangu. Tulijuana kwenye foleni ya dawa. Naye ameacha. Tunapiga soga.”

Mwaka mzima! Alikadiria watakaopotea kwenye kliniki za watu, na wa kwake akampotea akiwa anakula naye meza moja. Hofu ilimwingia. Akamshika Shangazi mkono.

“Jumanne nakupeleka kliniki mwenyewe. Na shoga yako tunampitia.”

Shangazi alimtazama kwa jicho la utani. “Saa ngapi? Kati ya saa mbili na adhuhuri?”

“Saa mbili kamili,” alisema Bi Makadirio.