Nilivyojiombea Mabaya Sebuleni kwa Kina Njeri

Hii aibu ningeifungia ndani mpaka kaburini kama Njeri hangekuwa na tabia ya kuisimulia kila tukipata wageni, tena kwa njia yake, na njia yake inanifanya nionekane mjinga kuliko nilivyokuwa (si kwa mbali, lakini angalau niachiwe kidogo changu). Kwa hivyo leo nisikizeni mimi mwenyewe, halafu mcheke mkimaliza.

Ilikuwa Jumamosi niliyoalikwa kwao kwa mara ya kwanza, mtaa wa Landless, pale Thika, ili mamake anione. Haikuwa mambo ya mahari wala ya wazee, ilikuwa chai tu, lakini Njeri alikuwa amenionya wiki nzima kwamba mamake ana macho, na mtu akikataliwa siku ya kwanza amekataliwa. Yule aliyenitangulia (ndiyo, kulikuwa na aliyenitangulia, tusimzungumzie) alikataliwa kwa sababu alimpa mama mkono huku anaangalia televisheni. Mimi nilimpenda Njeri, bado nampenda, na sikuona maisha mengine mbele yangu isipokuwa hayo ya kuwa naye, kwa hivyo mjue nilienda Thika nikiwa na woga wa mtu anayeenda kung'olewa jino.

Mimi ni fundi wa simu, kibanda changu kiko Ruiru. Niliazima pikipiki ya binamu yangu Ndung'u, ambaye ni wa boda, nikafunga shopping nyuma, sukari, unga, majani, mafuta, mkate wa kutosha kanisa zima, nikavaa shati jeupe nililonunua kwa ajili ya siku hiyo. Kabla hata sijamaliza Juja, lori likapita kwenye dimbwi na kunipaka tope kifuani, hapa katikati kabisa. Nilisimama nikalia kidogo kwa ndani, kisha nikafungua chini ya kiti nikatoa reflector ya Ndung'u, ile jaketi ya kijani inayong'aa, nikaivaa na kuifunga zipu mpaka shingoni. Shati likapotea. Nikajiambia nitaivua mlangoni kwa kina Njeri, hapo nitajua la kufanya. Huo ndio uamuzi mdogo ulioniponza. Mengine yote yalijileta.

Nilifika Thika mapema sana (mwoga huwa hachelewi), na huwezi kwenda kwa watu kabla ya saa uliyoalikwa ukawakuta wakipiga deki. Nikaegesha pikipiki karibu na ule mtaa wa maduka ya zamani, yale ya mawe yaliyojengwa na Wahindi, yenye veranda ndefu na mabati yaliyopata kutu, ambayo siku hizi kila mlango una biashara tatu, ya mapazia, ya cherehani na ya viatu. Nikatoa simu nipoteze muda. Mteja wangu mmoja alikuwa ameniwekea app ya kusaka vitu mjini: inakutembeza kwenye mitaa ya zamani, inakupa fumbo, ukilipata unapiga picha, unapewa pointi, unaenda kwa linalofuata. Thika ilikuwemo. Na aliyekuwa akiongoza kwa pointi za Thika alikuwa mtu wa Nairobi. Jambo hilo liliniudhi, sijui kwa nini, hata mimi si wa Thika.

Basi nikaanza. Fumbo la kwanza likaniambia nihesabu nguzo za veranda, nikatembea nikihesabu kwa sauti huku naonyesha kidole. La pili likataka upana wa veranda kwa hatua, nikapima, watu wakanipisha. La tatu likasema nimuulize mwenye duka amekaa pale miaka mingapi, nikamwendea mzee mmoja fundi cherehani, wanamwita Baba Wambui, nikamuuliza, na yeye akanijibu polepole akiniangalia simu. Nikaandika jibu, nikamwambia asante, nikamuuliza kama ana karatasi za duka (hilo halikuwa kwenye app, nilikuwa tu natafuta maongezi, Mungu anisamehe).

Fumbo la mwisho ndilo lililonimaliza. Lilitaka niinue simu, nielekeze kamera kwenye ukuta wa lile jengo, kisha nichore alama kubwa ya X kwa mkono, ndipo zawadi itokee kwenye kioo. Mimi nikachora. Haikukubali. Nikarudi nyuma hadi katikati ya barabara, nikachora nyingine kubwa zaidi, mkono juu mpaka chini, kushoto kulia, nikiwa na reflector yangu. Nikahamia mlango wa pili, nikachora tena.

Sasa, nyinyi mnaishi Kenya. Mnajua jengo likichorwa X linangoja kubomolewa. Mtu wa reflector akija Jumamosi, akihesabu nguzo, akipima veranda, akiuliza karatasi, halafu achore X, huyo si mtalii. Nilipogeuka, cherehani zote zilikuwa zimesimama, na kulikuwa na watu nyuma yangu.

"Kijana, wewe ni wa wapi?" akaniuliza mama mmoja mnene wa viatu, Mama Kiarie.

"Wa Ruiru," nikasema.

"Sijakuuliza hivyo. Wewe ni wa kaunti?"

Nikafungua mdomo niseme hapana, na kweli ile hapana ilikuwa imefika kwenye meno, lakini jamaa mmoja wa mkokoteni akadakia: "Kama si wa kaunti, basi huyu ni mwizi anachora ramani. Amekuwa akihesabu milango, si tumemwona wote?" Na vijana wawili wa viatu wakaacha viatu wakaja karibu.

Hebu mniambie nyinyi mngefanyaje. Upande huu kuna mwizi, na mwizi mnajua hutendwa nini. Upande ule kuna kanjo, yaani mtu wa kaunti, na kanjo hata akichukiwa anapewa kiti. Nikavuta pumzi, nikaiweka simu mfukoni kama mtu mwenye ofisi, nikasema, "Ndiyo, ni wa kaunti."

Wakaniletea kiti. Wakaniletea na chai. Baba Wambui akasimama mbele yangu na tepu yake shingoni, akaniuliza kwa upole kabisa, "Sasa mkubwa, mtabomoa lini? Tuambie tu ukweli, sisi ni watu wa kuelewa."

Nilimwonea huruma, na hapo ndipo nilipoharibu kabisa kwa kutaka kuwa mzuri. Nikamwambia, "Hapana mzee, hakuna shida. Msiwe na wasiwasi. Endeleeni na kazi, mtajulishwa." Nikamaliza chai, nikaaga, nikaenda kungoja saa yangu upande mwingine wa mji, masaa mawili mazima, nikijiona nimetoka salama, tena nimewatuliza. Mimi, mtu niliyezaliwa Kenya hii hii, nilisahau kwamba serikali ikikuambia usiwe na wasiwasi, huo ndio wakati wa kung'oa mabati.

Nilipofika Landless saa niliyoalikwa ikiwa imewadia, niliivua reflector, nikaifungia chini ya kiti, nikapanga uongo mfupi kuhusu tope, nikabisha. Njeri alifungua mlango akiwa amelia. Nyuma yake sikuona sebule, niliona mapazia. Marobota ya mapazia juu ya makochi, vyuma vya kuyatundikia, mbao, mabati matatu yameegemezwa kwenye televisheni, na kutoka jikoni harufu ya chapati iliyoungua ikaachwa.

"Pole, babe," akasema. "Siku imeharibika. Mum alikuwa anapika, akapigiwa simu na Mama Kiarie ati kanjo wamekuja kule dukani kwetu, wanabomoa usiku huu. Ametoka mbio na leso, ndio wamemaliza kubeba."

Mnajua ile hali miguu inabaki na wewe unaondoka? Njeri alikuwa ameniambia mamake anauza mapazia mjini. Mjini ni kukubwa, jamani. Nilikuwa nimemweka kichwani mwangu kule soko kuu.

Mama akatoka chumba cha ndani akijipangusa vumbi, mwanamke mfupi, macho mekundu, akanipa mikono yote miwili. Na nikaona kwamba hanijui. Yeye alikuwa nyumbani akinipikia wakati mimi nikichora X kwenye mlango wake. Alichojua ni kile alichoambiwa kwa simu, na akanieleza nikiwa bado nimeshika mkono wake: "Kijana mrefu, wa reflector, sura ya mtu ambaye hajaomba tangu Krismasi. Alikunywa chai yetu, mwanangu. Akakaa kwa kiti ya Baba Wambui akakunywa chai, halafu akatuambia tusijali."

Nikasema, "Aiya, watu wengine." (Ndiyo, nilisema hivyo. Njeri hupenda sana hapo.)

Nilikuwa na njia ya kuponyoka, msifikiri sikuiona. Reflector ilikuwa nje, kesho yake kusingebomolewa kitu, wangerudisha vitu vyao na kusema Mungu ametenda, na mimi ningeoa. Nikaketi juu ya robota nikiwa nimeamua hivyo, kabisa, bila aibu.

Halafu mama akasema, "Njeri simama. Tuombe kabla ya kuonja chochote. Na mgeni ndiye atatuongoza." Nikasimama. Kwao mgeni hatoi udhuru, ukialikwa kuomba unaomba, na mtu anayetaka binti wa watu anaomba kwa sauti. Nikafumba macho. Akaongeza, "Uombee soko letu. Na yule wa reflector umtaje, Mungu amshike hapo hapo alipo. Asile, asilale, mpaka aseme."

Nikaanza vizuri. Nikashukuru kwa safari, nikashukuru kwa mikono iliyoandaa, nikambariki kila mtu hadi majirani, nikazunguka mpaka maneno yakaisha na mama akakohoa kidogo. Nikasema, "Na huyo mtu, Baba, unamjua."

"Unamjua," mama akaitikia.

"Unajua hata alipo sasa hivi."

"Mshike."

"Tunaomba umshike, Baba. Asile, asilale." Nilikuwa nimemwona yule mzee na tepu yake shingoni, macho nimefumba lakini namwona, na nikajua anang'oa cherehani yake wakati huo kwa ajili yangu, na moyo ukanikataa. "Lakini pia unajua, Baba, kwamba huyo mtu hakuwa wa kaunti. Unajua alikuwa amevaa reflector kwa sababu shati lilichafuka. Unajua alikuwa akicheza mchezo wa simu, akipoteza muda asifike kwa watu mapema, na alipoulizwa akaogopa kuchomwa kama mwizi. Na unajua alikuwa amekuja kwa nia njema, Baba, alikuwa anampenda binti ya huyu mama, na hakujua."

Nikamsikia Njeri akisema jina langu polepole. Sikufungua macho, ningefunguaje.

"Endelea," mama akasema. "Mungu anasikiza."

Nikaendelea. Nikataja nguzo, nikataja veranda, nikataja karatasi za duka, nikataja hata ile chai na kwamba niliongezwa kikombe cha pili. Nilipofika amina nilisema peke yangu. Nikafungua macho nikamkuta mama ananiangalia, na nadhani alikuwa ameyafungua zamani.

"Hiyo reflector iko wapi?"

"Kwa pikipiki."

"Enda uvae."

Mkokoteni uliovileta vile vitu ulikuwa bado nje, na mwenyewe ni yule yule jamaa aliyeniita mwizi. Aliponiona natoka na reflector, alicheka mpaka akakaa chini. Mama akamwambia, "Wewe pumzika, leo una msaidizi." Nikavuta marobota, vyuma, mbao na mabati kutoka Landless mpaka mjini, mbele ya watu wa Jumamosi, mama akitembea kando yangu na kiatu cha kanisa, Njeri nyuma akisukuma na kunong'ona kwamba hanijui.

Tulipofika, nusu ya maduka yalikuwa matupu. Baba Wambui alikuwa ameketi kwenye ngazi, kichwa cha cherehani kimefungwa kwa shuka mapajani kama mtoto mgonjwa. Akainua macho akaniona. Mama Kiarie akaniona. Wale vijana wa viatu wakaniona, na wao hawakungoja kuelezwa, mmoja akanishika kola, na mimi nikaachilia mkokoteni nikafumba macho, maana nilijua zamu yangu imefika.

"Mwachilie," mama akasema. Hakupaza sauti. "Huyo si kanjo. Huyo ni mjinga tu, na ni mkwe wangu. Kupigwa atapigwa, lakini ni sisi kwetu tutampiga."

Yule kijana akaachilia kola. Baba Wambui akanipa cherehani niibebe ndani.

Nilirudishia watu maduka yao mpaka taa za barabarani zikawaka, nikatundika mapazia, nikapigilia mabati, nikaombwa niwachoree X tena ili waone vizuri, nikachora. Sikuwa nimeleta mzee hata mmoja, sikuwa nimetoa hata mbuzi, na tayari nilikuwa mkwe mbele ya soko zima, na katika kuvuta na kubeba kote kule nililia kidogo nyuma ya pazia moja zito kwa sababu ya furaha na kwa sababu ya mgongo. Ile app niliifuta jioni hiyo hiyo. Wa Nairobi na aongoze. Mimi nikienda mji wa watu mikono iko mfukoni, sihesabu kitu, na mtu akiniambia niombe, namwambia nina mafua.