Duara la Kikombe

Mtunga programu wa meza ya jirani hana haja ya bikari. Hugandamiza kikombe chake cha chai kwenye karatasi, akakizungushia kalamu, kisha akapiga mstari kwa rula iliyomeguka ncha. Mstari ni njia ya risasi katika mchezo wa kompyuta tunaoutengeneza. Duara ni mpaka wa mwili wa mchezaji, nao hauonekani kwenye skrini. "Umelikata, kafa. Umepita pembeni, mzima," hunung'unika, kucha zikigonga meza. Ndipo huandika hesabu. Leo asubuhi alikuta risasi zilizopita mbali zinaua. Akasimama, akauliza kwa hasira: "Nani kagusa duara langu?"

"Mimi. Nimelipanua," akasema bosi, mtu asiyeweza kuchora hata sifuri. "Mchezo ulikuwa rahisi mno, dada. Nani atajua?"

Nilidhani atamrushia kikombe. Aliketi tu, akavitwanga vibonye vya kompyuta kana kwamba vimemtukania mama. Mchana, wageni walipokuja kuujaribu mchezo, mchezaji alitokea kwenye skrini amezungukwa na duara jekundu, pana kama sinia.

"Hili nini?" mgeni mmoja akauliza.

"Hilo ni la bosi," akajibu mtunga programu, macho makavu. "Langu lilikuwa saizi ya mtu."